Barua ya wazi kutoka Mpondwe: bahati tusiiite mpango

Nawasalimu kwa heshima wakubwa wetu wote mnaoshika afya ya nchi hii, wa wizarani Kampala, waheshimiwa wabunge, na nyie wa wilaya za mpakani mnaopigiwa simu usiku wa manane. Mimi ni mama wa watoto 4, nauza chumvi ya Katwe hapa soko la Mpondwe, mpakani na Congo, na tangu 2015 ni VHT, yaani wale wa kujitolea wa afya kijijini. Naandika kwa kiswahili kwa sababu ndio lugha ya soko letu, mteja wangu wa Congo, dereva wa lori ametoka Mombasa, askari wa geti, wote tunaelewana nayo, na nyie pia najua mnaielewa.

Nina jambo moja na limenikaa moyoni muda mrefu. Kila mlipuko ukiisha hapa Uganda kunakuwa na siku ya kutangaza, watu wanapiga makofi, hotuba zinatolewa, tunaambiwa tumeishinda Ebola kwa sababu ya mipango mizuri na uzoefu wetu. Mimi sikatai, uzoefu tunao, na kuna watu wamekufa ili tuupate. Mwaka 2000 kule Gulu waliugua watu 425 wakafa 224, na Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor ambaye ndiye alishtuka mapema kwamba wauguzi wake hawafi kwa ugonjwa wa kawaida, naye alikufa tarehe 5 Desemba mwaka huohuo. Kwa hiyo sitasema mbele yenu kwamba hakuna kazi ilifanyika. Ninachosema ni kwamba katika kila ushindi kuna fungu la kazi na kuna fungu la bahati, na nyie hamjawahi kutuambia fungu la bahati lilikuwa kubwa kiasi gani. Na mtu asiyejua alipona kwa bahati, kesho atarudia njia ileile.

Nianze na kwetu maana ndipo ninapopajua.

Juni 2019 Ebola ilikuwa inaua ng'ambo, Beni, Butembo, Mabalako, karibu mwaka mzima. Hapa getini kulikuwa na hema, maji ya jiki, watu wa kupima joto, kila kitu. Na bado familia moja iliyotoka kwenye mazishi ya baba yao huko Congo ikaingia Uganda bila kupita getini, ikapita njia ya panya. Kwa watu wa mbali neno hili linasikika kama la wezi lakini kwetu njia ya panya ni njia tu, mto Lubiriha kiangazi unavuka maji yakiwa kwenye magoti, upande huu Wakonzo upande ule Wanande, ni watu wamoja, tunaoana, tunazikana, shamba la mtu liko kule na jiko lake liko huku. Mtoto wa miaka 5 akaanza kutapika damu, akafikishwa hospitali, madaktari wakashuku haraka, sampuli ikaenda maabara ya Entebbe, tarehe 11 ikathibitishwa. Mtoto alifariki, bibi yake alifariki, mdogo wake naye alikutwa nao. Mungu awarehemu. Mimi siku zile nilikuwa sokoni napima chumvi kama siku nyingine, na nilipopata habari jambo la kwanza nilifanya ni kuziangalia hizi mikono zangu na kuhesabu nimeshika noti za nani wiki hiyo.

Hakuna mtu hata mmoja upande wetu aliambukizwa na familia ile. Hata mmoja.

Sasa hapo kazi iko wapi na bahati iko wapi? Kazi ipo na ni kubwa. Kabla mtoto yule hajavuka, wahudumu wa afya karibu 4,700 walikuwa wameshachanjwa, na yule aliyemshika mtoto alikuwa amefundishwa cha kuangalia. Huo ni mpango, nawashukuru kwa huo. Lakini familia ilipita geti lenu bila kuliona, halafu ikaenda hospitali badala ya kwenda kwa mganga au kwa mchungaji wa maombi au kulala kwa ndugu nyumba ya vyumba viwili yenye watu 11. Hilo halikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Na hata ile chanjo, ilikuwepo kwa sababu Ebola ya Congo mwaka ule ilikuwa aina ya Zaire ambayo ndiyo ina chanjo. Ingekuwa aina ya Sudan, kama ile ya Gulu, wale 4,700 wangekuwa na glavu tu.

Halafu mwezi wa 8 mwaka uleule, mtoto mwingine wa kike wa miaka 9 akaja na mama yake kutoka Congo, huyu akapita getini, joto likaonekana, akatengwa siku ileile, kesho yake ikathibitishwa ni Ebola. Naye alifariki, na hakuna mwingine aliugua. Hii mnaitaja sana kama ushahidi kwamba geti linafanya kazi, na ni kweli linafanya kazi, lakini jamani, mama yule alichagua geti. Angeweza kushuka mita chache chini akavuka na wenye magunia. Mtoto wa Juni na mtoto wa Agosti walitenganishwa na uamuzi wa mtu mzima mmoja aliyechoka akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni, na siku ile hatukuwa na mkono wetu katika uamuzi huo.

Pale steji ya boda boda vijana wanacheza ludo mchana kutwa wakisubiri abiria. Mnaijua ludo, kete haitoki nyumbani mpaka dadu itoe 6. Kuna anayetupa mara 10 bila kuiona 6, na kuna anayekaa chini tu, mara ya kwanza, 6 hiyo hapo. Nilikuja kuelewa Ebola siku mwalimu wetu mmoja wa mafunzo alitueleza kwamba wagonjwa wengi hawaambukizi mtu hata mmoja, au ni mmoja tu, halafu anatokea mmoja ambaye kwa sababu ya mazishi, au wodi iliyojaa, au alilala kwa nani, anaambukiza watu wengi kwa mpigo. Nikasema kumbe ni ludo. Kila mgonjwa akivuka mto ni dadu imetupwa. Dadu hamuwezi kuiamuru hata mkiwa na amri ya rais. Mnachoweza ni kupunguza mara inazotupwa, na kuhakikisha siku 6 ikitoka kuna mtu amekaa pale anaangalia.

Ndio maana nikisikia ule mfano wa Luwero 2011 unatajwa kama ushindi huwa nasita kidogo. Msichana wa miaka 12 alikufa kwa Ebola, mmoja tu, mlipuko mzima ulikuwa ni yeye peke yake. Na Marburg, ugonjwa ndugu wa Ebola, ya Kampala 2014, mhudumu wa mionzi hospitalini alikufa, wakafuatiliwa watu karibu 200 waliokuwa karibu naye, hakuna hata mmoja aliugua. Dadu ilitupwa ikatoa 2. Lakini angalieni upande wa pili, Luwero tulijua kwamba ni Ebola kwa sababu maabara ya Entebbe ilikuwa imeimarishwa kipindi hicho hicho, sampuli ya mtoto mmoja wa kijijini ikafika ikapimwa. Miaka ya nyuma mtoto yule angezikwa tukasema ni malaria kali, au amerogwa. Ni wangapi walizikwa hivyo hatujui. Kwa hiyo hata bahati yenyewe, ili uione lazima mtu awe alikwisha jenga maabara.

Sasa niwaambie ya kwangu, hii ndiyo sababu hasa ya barua.

Wakati ule wa Ebola ya Congo mradi mmoja ulituwekea meza kwenye njia za panya, sio getini tu. Meza yetu ilikuwa chini ya mwembe, hatua kama 50 kutoka mtoni. Tulikuwa 3 tunapokezana, tuna jerikeni ya lita 20 yenye bomba, sabuni imefungwa kwa kamba isibebwe, kibunduki cha kupima joto, na daftari la kurasa 96 tunaandika jina, anatoka wapi, anaenda kwa nani. Alawensi ilikuwa inakuja, inachelewa lakini inakuja. Congo ilipotangaza imeisha, Juni 2020, mradi ukafunga. Walikuja na gari wakabeba hema na jerikeni. Miezi 2 ya mwisho hatukulipwa mpaka leo na wa kumuuliza hayupo, sitaji jina na sio lengo langu. Kibunduki nilibaki nacho maana siku hiyo kilikuwa nyumbani kwangu nabadilisha betri. Meza pia ilibaki kwa sababu ilikuwa yetu.

Nikaendelea. Siku za soko naamka saa 11, naweka meza pale mpaka saa 3, ndipo naenda kwenye chumvi. Betri nanunua kwa pesa ya chumvi. Hakuna aliyeniambia nifanye.

Mwaka juzi alivuka mama mmoja na mtoto mgongoni, mtoto kama wa miaka 3, kichwa kimelegea. Kibunduki kikasoma 39.4, nikapima mara ya pili kwa sababu jua likikipiga kinadanganya, ikawa 39.2. Mama alisema ni malaria, anawahi kwa dada yake. Nikamwambia mama hapana, hapa hatuendi kwa dada, tunaenda kituo cha afya, na nikampigia simu mtu wa zamu, na nikawaomba vijana wawili waliombebea magunia nao wasubiri. Walisubiri karibu masaa 5. Magunia ya mihogo yalikaa juani, mnunuzi akaondoka. Vipimo vikatoka, malaria. Mtoto akapewa dawa, jioni anakunywa uji.

Mngedhani mtu atasema asante. Mama alinitukana mbele ya soko, na siwezi kumlaumu, hasara ilikuwa yake. Vijana wakanidai siku yao. Lakini kilichoniuma zaidi ni ofisi moja kuniita na kuniambia naleta hofu mpakani, nani alinipa mamlaka, biashara ikikimbia nitawalipa watu mimi? Nikakaa kimya. Nilikuwa nimefanya jambo sawasawa, lile lile nililofundishwa, na kwa sababu dadu ilitoa malaria nikaonekana mjinga.

Wiki chache baadaye akavuka mwanaume, mfanyabiashara, namjua kwa sura. Macho mekundu, anatetemeka kidogo. 38.6. Akasema amelala vibaya, nikamwangalia, nikakumbuka ile ofisi, nikamwambia pole, kunywa maji mengi. Akapita. Alirudi wiki iliyofuata mzima kabisa ananunua chumvi ananitania. Hakuna kilichotokea. Na wakubwa wangu, siku hiyo ndiyo nilikosea. Sio siku ya mtoto. Siku ya mtoto nilikuwa sawa na nikaadhibiwa, siku ya mfanyabiashara nilikosea na hakuna aliyejua, hata asubuhi moja sijaulizwa. Nimeiandika hapa nikijua majirani watasoma.

Haya mambo mawili yakitokea kwa mama mmoja chini ya mwembe ni madogo. Yakitokea wilaya nzima, nchi nzima, ndiyo yanakuwa desturi. Wilaya ikitafuta ikapata, inafungiwa soko, magari yanazuiwa, wageni wanakatisha safari, mkuu wake anaitwa kujieleza. Wilaya isiyotafuta inabaki salama kwenye ripoti. Sasa nani atatafuta? Nimeona Mubende na Kassanda wakati wa Ebola ya 2022, wale watu walifungiwa kutoka na kuingia miezi 2, sisemi haikuhitajika, virusi vilikuwa vimeshafika Kampala, lakini nani alifikiria kwamba wilaya nyingine zilikuwa zinaangalia na kujifunza kwamba ukisema mapema unafungwa mapema? Na pale Mubende kabla ya tarehe 20 Septemba ilipotangazwa, watu walikuwa wanakufa kijijini bila maelezo, na yule kijana wa kwanza kuthibitishwa alikuwa amezunguka kliniki kadhaa kabla ya kufika hospitali kubwa. Kila kliniki ni dadu. Mwisho wake tukahesabu wagonjwa 142 waliothibitishwa na 55 katika hao wakafa, na wengine tuliowazika bila kupimwa. Ilikuwa aina ya Sudan, ile isiyo na chanjo. Dozi za majaribio zilifika Desemba, mgonjwa wa mwisho keshatoka hospitali, hakuna wa kumjaribia.

Na hapa lazima niseme jema lenu maana ni kubwa na naona halisemwi vya kutosha. Baada ya Mubende hamkulala. Karatasi za utafiti ziliandaliwa, dozi zikahifadhiwa hapa hapa nchini, watu wakafundishwa, mlipuko haupo. Januari 2025 muuguzi wa hospitali ya Mulago, Kampala, akafa kwa Ebola ileile ya Sudan, ikatangazwa tarehe 30, na tarehe 3 Februari watu wakaanza kuchanjwa kwenye majaribio. Siku 4! Miaka 2 nyuma ilituchukua zaidi ya miezi 2 na bado tulichelewa. Hakuna anayeweza kuniambia hiyo ni bahati. Hiyo ni kazi ya watu waliokaa ofisini wakijaza fomu wakati hakuna kamera, na nawaombea heri popote walipo.

Lakini hata mlipuko huo, tuhesabu vizuri. Yule muuguzi alikuwa ametafuta matibabu sehemu kadhaa, mpaka Mbale, kwa basi au kwa teksi, amekaa na watu. Tarehe 18 Februari wagonjwa 8 wakaruhusiwa, sote tukafurahi, mimi niliwasha hata redio kwa sauti. Wiki moja tu baadaye mtoto mdogo akafa Mulago na ikakutwa ni Ebola, mnyororo mwingine ulikuwa unatembea pembeni hatuuoni. Mwisho wake wakawa wagonjwa 14 na vifo 4 tukiweka na wale ambao hawakupimwa, ikatangazwa imeisha tarehe 26 Aprili. Jiji la watu mamilioni, soko la Owino, teksi zimejaa, wagonjwa 14. Mimi naogopa nikisikia hiyo namba inatajwa kama kipimo cha uwezo wetu peke yake. Na mwezi huohuo wa Januari ndipo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, siku 10 kabla. Meza nyingi za mpakani zilikuwa zinakaa juu ya pesa hiyo. Kama sio kwamba tayari vilikuwepo vitu vilivyojengwa kabla, sijui.

Covid nayo tuliiongea vibaya. 2020 tulifunga mapema, shule zikafungwa kabla hata ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa tarehe 21 Machi, mpaka Julai hatukuwa na kifo hata kimoja kilichotangazwa, na dunia ikatusifu na sisi tukajisifu. Haya, Juni 2021 ikaja delta, aina mpya ya corona. Wakubwa ni walewale, amri ni zilezile, barakoa ni zilezile, na watu wakazunguka Kampala na mgonjwa kwenye gari wakitafuta kitanda chenye oksijeni. Kama ushindi wa kwanza ulikuwa mpango mtupu, mpango huo ulienda wapi? Ukweli ni kwamba nchi yetu ni ya watoto, zaidi ya robo tatu ya watu hawajafika miaka 35, na corona ya mwanzo iliwapita wengi wao kama mafua. Ujana wetu hakuna wizara iliyoupanga. Tungekiri hilo mapema pengine mwaka ule mmoja wa nafuu tungeutumia kununua mitungi ya oksijeni.

Na kwa sababu tuliamini kufunga ndiko kulikotuokoa tuliendelea kufunga. Madarasa mengi yalikaa na kufuli mpaka tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka 2, hakuna nchi iliyozidi hapo. Mtoto wa dada yangu alikuwa P6 wakati huo, yaani darasa la sita, ana akili ya hesabu mpaka mwalimu alikuwa anamtuma asahihishe madaftari ya wenzake. Hakurudi. Alianza kubeba magunia mtoni "kwa muda tu". Leo ana misuli kama mtu mzima na anavuka ule mto mara 6, mara 8 kwa siku ya soko, njia ya panya, kushika mizigo ya mtu yeyote. Kila asubuhi nampima joto la shingo, anacheka, ananiita mama kibunduki. Mkikaa kuandika gharama ya kufunga shule, naomba na yeye mmwandike, maana mlimtoa darasani ili kutuepusha na ugonjwa, na sasa amesimama hasa pale ugonjwa unapovukia.

Sio sisi peke yetu tunaobebwa na bahati. Lagos 2014, mgonjwa wa Ebola kutoka Liberia alishuka kwenye ndege akiwa hoi. Madaktari wa hospitali za serikali walikuwa kwenye mgomo siku hizo, kwa hiyo akapelekwa hospitali ya binafsi, na pale akakutana na Dk. Ameyo Adadevoh ambaye aligoma kumruhusu aondoke ingawa alisukumwa amruhusu. Fikirieni angelazwa wodi ya umma yenye vitanda 40. Wakaugua watu 20 jumla, wakafa 8, na daktari mwenyewe ni mmoja wao. Mgomo ulikuwa bahati, ingawa ni bahati ya ajabu. Yule mama kusimama imara, hapo siwezi kusema bahati, lakini hakuna sera inayoweza kuagiza mtu kama yule azaliwe. Kilichokuwa sera ni wale watu wa polio, Nigeria ilikuwa na timu za kupambana na polio zilizozoea kupanda ngazi na kugonga mlango kwa mlango, zikageuzwa zikafuatilia Ebola ndani ya siku chache. Timu zile hazikuundwa kwa ajili ya Ebola. Zilikuwepo tu, zinalipwa, zinatembea, na siku dadu ilipotoa 6 zilikuwa zimesimama.

Hapo ndipo ombi langu lilipo. Sisi VHT ndio timu zenu za polio. Tupo kila kijiji, tunajua nani amerudi kutoka msiba gani na analala kwa nani. Tuwekeni kwenye bajeti ya nchi yenyewe, hata kidogo, hata betri na sabuni na elfu chache za siku ya soko, na ije mwaka ambao hakuna ugonjwa, huo ndio mwaka wenyewe. Mkisubiri mlipuko ndio mlete alawensi, mnatulipa kwa kuzima moto na mnatunyima kwa kuuzuia, na mtu wa njaa anaanza kuona mlipuko kama msimu wa mavuno. Nimesikia mwenzangu akilisema hilo kwa mdomo wake na sikumkasirikia.

La pili, mlipuko ukiisha, kabla ya hotuba, kaeni na madaktari na wenye maabara na sisi wa chini, mwandike wazi: hapa tuliokolewa na kazi, hapa tuliokolewa na Mungu tu. Familia ilipita njia ya panya, andika. Muuguzi alipanda basi la kwenda Mbale na hatukuwapata wote waliokaa naye, kama ndivyo, andika. Mtutolee hadharani. Sio kwa ajili ya kumfukuza mtu kazi. Marubani naambiwa wanaandika hata zile siku ndege ilikaribia tu kugongana, hazikugongana, na hawafukuzwi kwa kuandika. Sisi tunaandika vifo tu.

Na yule anayepiga simu akakuta ni malaria, mkuu wa wilaya amlinde. Asiitwe ofisini. Wale vijana wa magunia waliosubiri masaa 5 wangelipwa nusu siku yao, na yule mama angelipwa mihogo yake, nisingetukanwa na wiki ile nyingine nisingekaa kimya. Nimepiga hesabu, yote kwa pamoja haifiki shilingi 150,000. Sijui siku moja ya kufunga soko la Mpondwe inagharimu kiasi gani lakini najua mimi peke yangu napoteza karibu nusu ya hiyo kwa siku, na tuko wauzaji mamia.

Kibunduki sasa hivi kinasoma kila mtu 33, hata nikibadilisha betri. Wiki iliyopita nilianza kutumia mgongo wa mkono kwenye shingo, kama mama zetu walivyotupima sisi, na glavu zilishaisha. Meza bado ipo. Siku ya soko inayokuja niko pale chini ya mwembe kuanzia saa 12 asubuhi, mkitoka barabara kubwa mnafuata magunia, hamtapotea. Daftari nitakuja nalo, limebaki kurasa 4.